Javan Ogweno na Jivu Lililoyeyuka

Javan Ogweno alijua moto. Jambo hili lilijulikana kote Homa Bay, kuanzia sokoni hadi gatini, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amelitangaza, na hakuwahi kutokea mtu mwenye muda wa kumpinga. Alikuwa mzaliwa wa Uriri, mtoto wa mkulima wa miwa, na ujana wake aliumalizia mbele ya matanuru ya sukari nguru, akisukuma makapi ya miwa motoni hadi nyusi zikaungua, zikaota, zikaungua tena. Baadaye akaingia kiwanda cha kuchambua pamba. Pamba ilipokufa, kama yanavyokufa mazao yote yanayosifiwa sana kwenye hotuba, akahamia Homa Bay kuwasha boila ya kiwanda kidogo cha unga wa samaki. Watu walimwita Jamach, mtu wa moto, naye aliitikia jina hilo kwa unyenyekevu wa jogoo.

Alikuwa na desturi ya kuutemea mate mlango wa tanuru, kutega sikio, kisha kutangaza joto limefika wapi. Geji ya boila mara nyingi haikukubaliana naye. Kwa hiyo Javan alikuwa na maoni makali kuhusu mageji.

Kiwanda chenyewe kilikuwa kando ya ziwa na kilinuka kuliko ukubwa wake. Minofu ya mbuta ilipakiwa kwenye barafu ikaenda Ulaya. Mifupa, ambayo watu waliiita mgongo wazi, ilibaki iwe kitoweo cha wananchi. Na ile mifupa ambayo hata wananchi waliikataa ililetwa kwa kina Javan, ikapikwa kwa mvuke, ikakaushwa, ikasagwa kuwa chakula cha kuku wa Nairobi. Hivyo kila mmoja alipata fungu lake la ziwa, kuku wakiwa hawajasahaulika.

Mvuke wa kupikia mifupa ulitoka kwenye boila ya Javan, na boila ilikula kuni. Ilikula kuni hadi vilima vikabaki vipara na bwana misitu akakumbuka ghafla kwamba ana kazi. Ndipo meneja, Bwana Clifford, alipoanza kuagiza makaa ya mawe kutoka Tanzania. Yaliingia kwa malori kupitia Isebania, meusi, mazito, ghali, na Bwana Clifford kila alipoliona lori likigeuka langoni alishika tumbo kama mtu aliyekula omena wa jana.

Wakati huohuo gugumaji likafika. Lilikuja juu ya maji na maua yake ya zambarau, zuri kama bibi harusi, na kabla watu hawajamaliza kulisifu likawa limeufunga ufuo mzima. Mitumbwi ilikwama. Nyoka walipata makazi, mbu walipata watoto, na wataalamu walipata semina. Semina zilikuwa nyingi sana mwaka ule wa tisini na sita; kama gugumaji lingekuwa linaogopa chai na mandazi, ziwa lingekuwa safi kufikia Pasaka.

Bwana Clifford alihudhuria semina moja mjini Kisumu akarudi na fulana, mkoba na wazo. Ziwa limejaa mmea usiotakiwa, aliwaambia wafanyakazi, na boila yetu ina njaa. Tuutoe mmea ziwani, tuuanike, tuuchome pamoja na makaa ya mawe. Lilikuwa wazo lenye sifa moja kubwa, kwamba mtu yeyote angeweza kulieleza kwa pumzi moja akiwa jukwaani. Kabla hata mmea mmoja haujaanikwa, mgeni rasmi kutoka Nairobi alikuwa ameshaalikwa kuja kuuzindua moto huo.

Ili jambo lionekane la kisayansi, akaajiriwa injinia. Wafanyakazi walitarajia mwanamume mwenye kitambi na miwani. Akashuka msichana mwembamba wa Kikuria, Pauline Robi, mzaliwa wa huko karibu na Isebania, amevaa viatu vya kazi vilivyochakaa na kubeba begi lililojaa vikopo vitupu. Javan alimtazama kuanzia viatuni hadi kichwani, kisha akamwuliza kama amepotea njia ya kwenda shule ya wasichana.

Kwa kuwa Kikuria cha mmoja na Kijaluo cha mwingine havikuwa na pa kukutana, walizungumza Kiswahili, ambacho kila mmoja alikivunja kwa namna yake. Pauline alisema wazo la meneja si baya hata kidogo. Moto haungekuwa shida. Gugumaji likikauka litawaka vizuri. Kilichompa wasiwasi ni jivu.

Javan alicheka hadi akaegemea ukuta. Katika maisha yake yote alikuwa amesikia watu wakihofia moshi, wakihofia cheche, wakihofia boila kupasuka. Mtu wa kuhofia jivu hakuwahi kumwona. Jivu ni mavi ya moto, alimweleza kwa huruma. Moto ukishakula, unajisaidia, nawe unachukua koleo unazoa. Hakuna zaidi ya hapo.

Jioni alimsimulia mkewe, Phelesia, akitegemea naye atacheka. Phelesia alikuwa jikoni akichuja maji ya jivu ili apikie mboga za kienyeji zilainike, kama alivyofundishwa na mama yake na mama yake alivyofundishwa na nyanya. Alisema tu kwamba mimea ya majini ina jivu lenye chumvi kali, kila mpishi anajua, na huenda yule msichana ana lake analoliona. Javan alimwambia kwamba boila si sufuria ya mboga, akala mboga zake, akalala.

Pauline hakuwa mtu wa kubishana. Alitafuta kibali kwa Nicodemus, fundi wa majiko pale sokoni, atumie tanuru yake ndogo ya kufulia chuma, ile ya kupulizwa kwa mivukuto. Alichoma gugumaji peke yake kwenye kopo akapata jivu lake, akachukua na jivu la makaa ya mawe, akayakanda na maji kidogo yakawa kama unga wa ugali, kisha akafinyanga vipembe vidogo vya ukubwa wa ncha ya kidole. Kimoja cha makaa matupu. Kimoja cha gugumaji tupu. Na vingine vya mchanganyiko, gugumaji likiwa kidogo katika kimoja na jingi katika kingine. Akavipanga juu ya bamba la chuma, akaviingiza motoni.

Javan alikwenda kutazama. Alikwenda ili apate cha kusimulia.

Mivukuto ilipulizwa, moto ukawa mwekundu, ukawa wa chungwa. Kipembe cha gugumaji tupu ndicho kilichoanza. Ncha yake ikainama kama mlevi anayetafuta funguo, kikalegea, kikatandazika juu ya bamba na kung'aa kama mafuta ya mbuzi. Kile chenye gugumaji jingi kilifuata, kikalala ubavu na kung'ang'ania chuma. Cha makaa matupu kilisimama wima. Na kile chenye gugumaji kidogo ndani ya makaa mengi nacho kilisimama, hakina habari.

Pauline alieleza taratibu, akimtazama Javan kwa sababu yeye ndiye angekaa na moto huo. Ndani ya gugumaji kuna chumvi, na chumvi hiyo hulainisha jivu likayeyuka mapema. Nyingine hupanda na moshi, ikifika kwenye mabomba ya maji inagandamana nayo kama ukoko, na kila kinachopita hewani kinanata hapo. Lakini jivu la makaa haya ya mawe lina udongo mwingi wa mfinyanzi ndani yake. Udongo huo huikamata chumvi na kuishikilia, mradi udongo uwe mwingi na chumvi iwe kidogo. Kwa hiyo karai moja la gugumaji kwa kila makarai tisa ya makaa, basi kila mtu atafurahi. Ukigeuza hesabu, utakuwa unapika kioo.

Javan alikiona kila kitu kwa macho yake. Alikiona kipembe kikilala. Na ndani ya kifua chake kitu kidogo kikamwambia kwamba msichana huyu anasema kweli. Hicho ndicho kilichomuudhi. Akasema tanuru ya Nicodemus si boila, na vipembe ni michezo ya watoto, akaondoka huku watu wa sokoni wakicheka, na akahesabu kwamba wanacheka upande wake.

Bwana Clifford alipoelezwa habari ya karai moja kwa tisa aliumia kweli. Makaa ya mawe yanakuja kwa lori kutoka nchi nyingine, gugumaji liko hapo nje linagonga mlango lenyewe, halafu mtu mwenye digrii anamwambia atumie kingi cha ghali na kidogo cha bure? Aliitisha mkutano uani mwa kiwanda. Alisema taifa haliwezi kurudishwa nyuma na waoga. Kisha akafanya jambo la werevu ambalo mameneja hujifunza bila kufundishwa: akamgeukia Javan mbele ya watu wote.

"Mzee Javan, wewe ndiye umekaa na moto. Tukiweka gugumaji mingi na makaa kidogo, utaweza ama hutaweza?"

Pauline alimtazama. Uso wake ulikuwa ukimwomba. Javan aliuona uso huo vizuri sana. Aliwaona pia Joash na wenzake wa boila wakisubiri, na kina mama waliokuwa wakianika gugumaji ufuoni pale palipokuwa pakianikwa omena, Phelesia akiwa miongoni mwao, wakiwa wamekuja kusikiliza. Jina Jamach lilimkaa mabegani zito na tamu.

"Moto ni moto," alisema. "Nitaweza."

Watu wakapiga makofi. Phelesia hakupiga.

Siku za mwanzo ziliwapa wajinga haki yao. Gugumaji lililokauka lilishika moto kwa kishindo, mvuke ukapanda, mifupa ikaiva, na Bwana Clifford akawa anapita uani akipiga mluzi. Javan alimsalimia Pauline kila asubuhi kwa sauti kubwa, akimwuliza jivu limeamkaje. Pauline alijibu kwamba bado halijaamka, akachungulia ndani ya tanuru kupitia tundu la kioo, akaondoka kimya. Javan aliuona ukimya huo kuwa ni kushindwa.

Kisha jivu likaamka.

Kwanza koleo liligoma. Javan alilitia chini ya moto kama alivyozoea, likagonga kitu kigumu na kurudi. Akavuta kwa mtaimbo, likatoka pande la kijani kibichi lenye mapovu, linang'aa kama chupa iliyoungua, na limeyashika ndani yake makaa ambayo hayakuwahi kuungua. Aliligeuza mikononi mwa glavu. Katika miaka yake yote ya makapi ya miwa alikuwa ameona vijiwe vya aina hii, vidogo, akavitupa bila kufikiri. Hili lilikuwa na ukubwa wa mbuzi. Alilifunika kwa gunia na kumwambia Joash asilizungumzie.

Mvuke ukashuka. Javan akasema geji imeharibika. Mvuke ukashuka zaidi, akaongeza gugumaji ili moto uchangamke, na moto ulichangamka kwelikweli, na kila ulivyochangamka ndivyo jivu lilivyoyeyuka, na kila lilivyoyeyuka ndivyo hewa ilivyokosa njia ya kupenya. Juu, mabomba ya maji yalikuwa yamevaa ukoko mweupe, na juu ya ukoko jivu lilining'inia kama matiti ya nguruwe. Joto lilipita kando ya maji bila kuyagusa, likatoka kwa dohani kwenda kuwapasha moto korongo. Javan aliyajua yote haya. Alichungulia tundu lilelile alilochungulia Pauline, akaona kilekile, na akafunga kifuniko chake polepole kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Usiku hakupata usingizi mzuri, ila alimwambia Phelesia ni mbu.

Pauline alikwenda kwa meneja kumwambia boila izimwe, isafishwe, ianze upya kwa mchanganyiko wa haki. Bwana Clifford akamjibu kwamba mgeni rasmi anakuja Ijumaa, viti vimekodishwa, kwaya imefanya mazoezi. Huwezi kuizima boila ya taifa kwa sababu ya jivu.

Boila, ambayo haikuwa imesoma ratiba, ilizimika Alhamisi. Pande moja la kioo na mawe lilikuwa limeifunika sakafu yote ya moto, moto ukakosa pumzi na kufa huku gugumaji likiwa limejaa mlangoni.

Hapo ndipo uongozi wa Bwana Clifford ulipong'aa. Hakuuliza boila itatengenezwa vipi. Aliuliza dohani itatoa moshi vipi, kwa maana mgeni rasmi hataingia ndani na kuchafua suti, atatazama juu. Akaagiza pipa la chuma liwekwe chini ya dohani na zikusanywe tairi kuukuu kutoka gereji zote za mji. Na mtu wa kuwasha, bila shaka, ni mtu wa moto.

Kwa hiyo Ijumaa, wakati kwaya ikiimba juu ya maendeleo, Javan Ogweno, aliyepika sukari, aliyechambua pamba, ambaye alikuwa ameahidi mbele ya mke wake kwamba ataweza, alikuwa amechutama nyuma ya ukuta akitia tairi kwenye pipa. Moshi ulipanda mweusi, mnene, wenye heshima zote. Mgeni rasmi akaunyooshea fimbo yake. Akasema hivi ndivyo nchi huru inavyogeuza adui kuwa rafiki. Akasema nishati hii ni safi. Upepo wa ziwa, ambao nao haukuwa umesoma ratiba, ukageuka ukauteremsha moshi wote jukwaani, na kwa muda wa wimbo mmoja viongozi wa ngazi mbalimbali walionekana kama vivuli vinavyokohoa. Mwanamke mmoja mzee alimwuliza jirani yake kama gugumaji siku hizi lina harufu ya matatu iliyoungua.

Kisha ikawa zamu ya kumtuza mfanyakazi bora. Javan akaitwa. Akajitokeza akiwa na masizi hadi kwenye masikio, na masizi hayo yakapigiwa makofi kama ushahidi. Mgeni rasmi alimshika mkono, kisha akaufuta wake kwa leso.

"Mzee wangu, hebu tuambie. Siri ya moto huu ni nini?"

Kipaza sauti kilikuwa mbele ya midomo yake. Pauline alikuwa amesimama mwisho kabisa, kando ya kina mama wa gugumaji, mikono nyuma. Hakuwa anamcheka. Javan baadaye alisema kwamba kama angekuwa anamcheka ingekuwa rahisi zaidi.

"Ni gugumaji, mheshimiwa," alisema.

Akapewa blanketi. Alilibeba hadi nyumbani, na Phelesia akalipokea, akalikunja, akaliweka juu ya kabati bila kulifungua wala kuuliza ni la nini. Siku hiyo chakula kiliandaliwa, kikaliwa, sahani zikaondolewa. Mwishowe Phelesia akasema, kwa upole ambao Javan aliuona kuwa mbaya kuliko matusi, "Baba Bravin, nguo zako zinanuka mpira."

Jumatatu Bwana Clifford alitaka mabomba yasafishwe haraka kwa kuwa mifupa ilikuwa inaoza uani na sasa hata majirani waliozoea walikuwa wameanza kulalamika. Pauline alitaka tanuru iachwe ipoe kabisa, kisha vilivyoning'inia juu vigongwe kwanza kutoka nje kwa fito ndefu, ndipo mtu aingie. Meneja alisema kama injinia anaogopa kuingia, aseme. Akamwamuru Joash.

Joash alikuwa na mke mjamzito na tayari alikuwa anavua shati. Javan alimshika begani akamrudisha nyuma. Watu waliokuwepo walisema hakufanya hivyo kwa ushujaa, walisema uso wake ulikuwa uso wa mtu anayekwenda kulipa. Alichukua nyundo na patasi, akainama, akaingia kwenye mlango ule alioutemea mate miaka yote.

Ndani kulikuwa na joto bado. Taa ilimwonyesha alichokipika. Sakafu ilikuwa kioo cha kijani kilichoviringana kama matumbo ya ng'ombe. Juu, mabomba hayakuonekana kabisa. Palikuwa na dari jingine, jeupe na la kijivu, lililoota mizizi kuelekea chini. Akagonga sakafu, vipande vikaruka. Akagonga tena. Kila pigo lilipanda kwenye kuta za chuma hadi kwenye dari lile, na Javan, aliyejua moto, hakuwa amewahi kufikiri kwamba jivu lina uzito.

Lilianguka mara moja. Alisikia mlio kama wa gunia la chumvi likitupwa kutoka kwenye lori, na mguu wake wa kushoto ukawa chini ya pande ambalo watu wawili hawangeliinua.

Aliyeingia kumfuata alikuwa Pauline. Aliingia kabla Joash hajamaliza kupiga kelele, akatumia mtaimbo kuinua pande huku vipande vidogo vikiendelea kumdondokea mgongoni, na Joash akamvuta Javan kwa makwapa hadi nje. Bwana Clifford alikuwa ofisini akizungumza kwa simu. Alitoka baadaye, akatazama damu, akauliza kama mabomba yamepona.

Hospitalini walimkata vidole vitatu vya mguu. Phelesia alikaa naye, akimletea uji na habari za ufuoni. Pauline alikuja baada ya siku chache, na mgongo wake ukiwa na bandeji chini ya blauzi, akakaa ukingoni mwa kitanda cha mgonjwa wa jirani kwa kuwa viti vya hospitali vilikuwa vimekwenda mahali ambapo viti vya hospitali huenda.

Javan alikuwa amejiandalia maneno mengi ya kuomba msamaha, marefu, yenye methali. Yote yakamtoroka.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua itayeyuka. Kwamba itaanguka kwa mtu, hapana. Nilipaswa kukataa kabisa mtu asiingie. Nilikasirika, nikanyamaza."

"Mimi ndiye nilisema nitaweza."

"Ndiyo, baba. Wewe ndiye ulisema."

Hakumpunguzia, na Javan alimheshimu kwa hilo. Akamwomba amweleze tena habari ya udongo na chumvi, tangu mwanzo, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa ameisikiliza ili aicheke. Pauline akamweleza. Javan aliuliza maswali, mengine ya kijinga, na alipouliza la kijinga aliambiwa ni la kijinga. Akajifunza kwamba makaa ya mawe nayo si ndugu wa baba mmoja: yako yenye udongo mwingi wa kukamata chumvi, na yako yenye chuma au chokaa ambayo yakikutana na mmea wa namna hii huzidisha maafa. Alijifunza pia kwamba makapi yake ya miwa hayakuwahi kumsumbua kwa sababu mvua na kinu vilikuwa vimeshayaosha, wala si kwa sababu ya mate yake. Hili la mwisho lilimchoma kuliko mguu. Phelesia aligeuka dirishani, mabega yakimtikisika.

Bwana Clifford hakuadhibiwa. Mafanikio ya uzinduzi yalikuwa yamemfikisha mbali. Aliteuliwa katika kamati ya gugumaji, akahamia Kisumu kwenye semina za kudumu. Kiwanda kilibaki bila meneja kwa miezi kadhaa, na hicho ndicho kipindi kilipofanya kazi vizuri zaidi. Mabomba yaliyokuwa yametafunwa na chumvi kama mbao iliyoliwa na mchwa yalibadilishwa. Javan alirudi akichechemea. Karai moja la gugumaji, tisa ya makaa, na kila shehena mpya ya makaa ilipoingia kutoka Isebania Pauline aliipima kwanza kwa tanuru ya Nicodemus, Javan akipuliza mivukuto. Jivu lilitoka likiwa jivu, laini, la kijivu, linazoleka. Hakuna mgeni rasmi aliyekuja kulitazama. Hakuna kwaya inayoimba juu ya kitu ambacho hakikuharibika.

Haikudumu, bila shaka. Mvua za El Niño zikanyesha hadi hakuna kilichokauka. Ulaya wakaufunga mlango kwa samaki wetu, wakaufungua, wakaufunga tena. Baadaye wadudu walioletwa kulila gugumaji wakalila, upepo ukalisukuma lililobaki, na siku moja ziwa likaonekana. Kamati ya Kisumu ilitoa taarifa ya kujipongeza. Kiwanda kikafungwa, na Javan na Phelesia wakarudi Uriri kulima.

Huko majirani wenye vinu vya sukari nguru walimfuata mara kwa mara. Walitaka kujua kama wanaweza kuchoma mabua ya mahindi, au maganda ya karanga, au majani ya tumbaku. Walimtaka mtaalamu aseme neno moja, ndiyo au hapana. Walivunjika moyo, kwani Jamach waliyemkumbuka alikuwa na jibu kabla swali halijaisha, na mzee huyu mchechemeaji aliwaambia kwamba hajui, wamletee jivu kwanza. Wengine walisema ajali ilimgonga kichwani.

Mwishoni mwa mwaka wa tisini na tisa Pauline alipita Uriri akitokea kwao. Alikuwa amepata kazi kwenye tanuru ya kuchoma matofali iliyokuwa ikijengwa upande wa Migori, nao walitaka kuchanganya makapi ya miwa na makaa. Alihitaji mtu wa moto. Javan alisugua goti.

"Hayo makaa yanatoka wapi?" aliuliza.

Pauline alisema ni machimbo mengine, hajayapima. Javan akasema basi hawezi kusema chochote leo, atafikiri, mguu wake nao si wa safari, na shamba lina magugu. Alipokuwa bado anazihesabu sababu zake, Phelesia alitoka ndani na ovaroli ya mumewe ikiwa imefuliwa na kukunjwa, akaiweka juu ya paja la Pauline, akarudi jikoni kuangalia chai.

Javan aliondoka Jumatano.